Mstari wa Katikati

Mwaka wa uchaguzi, kwenye familia yetu maneno mawili yalipigwa marufuku: birika na ngazi. Huku kwetu, chini kidogo ya Nyeri mjini, vyama vyenye nguvu vilikuwa viwili tu, kimoja alama yake birika, kingine ngazi. Baba ni wa Ngazi. Mdogo wake, anko wangu, ni wa Birika, na kati ya boma zao ni ua wa miti tu.

Kwa hivyo Mama akitaka chai alikuwa ananiambia, "Leta hiyo kitu ya kuchemshia." Nikimletea sufuria, makusudi, ananitupia mwiko. Kwa anko mambo yalikuwa mabaya zaidi, maana yeye ni fundi wa paa. Jaribu kuezeka nyumba bila kutaja ngazi. Siku moja nilimsikia akimfokea msaidizi wake, "Si ulete hiyo ya kupandia!"

"Inaitwa ngazi, Anko!" nikapiga kelele kutoka upande wetu. Nilicheka mpaka nikashikilia ua nisianguke.

Cucu, yaani nyanya yangu aliyewazaa hawa wawili, hakuwa wa chama chochote. Wa Birika walimletea leso, akapokea. Wa Ngazi wakamletea yao, akapokea, akazishona zote mbili zikawa pazia. Anko alipoliona alikasirika.

"Mama, lazima uchague upande."

"Ziko ngapi?"

"Mbili."

"Basi mimi nachagua mvua."

"Ati mvua? Hiyo haiko kwa karatasi ya kura."

"Ndiyo shida ya karatasi yenu," Cucu akasema, akaendelea kumenya viazi.

Kisha kahawa ikaiva. Shamba la kahawa ni la Cucu, aliachiwa na guka, yaani babu yangu, na kila msimu tulilichuma kwa ngwatio: leo majirani wote wako kwenu, kesho nyinyi mko kwao, uji unapikwa kwa sufuria moja na uongo unapigwa kutoka mstari hadi mstari. Mwaka huo Baba alisema hawezi kuchuma mti mmoja na watu wanaomtukania kiongozi wake. Anko naye akasema hivyo hivyo, neno kwa neno, kana kwamba walikaririshwa na mwalimu mmoja. Wakaligawa shamba. Watu wa Baba wachume kutoka juu, watu wa Anko kutoka chini, na siku zao zisigongane.

Sasa, mistari ni kumi na mitano. Hesabu yangu ni ya kuombewa, lakini hata mimi niliona kuna mmoja unabaki.

"Baba, huo wa katikati ni wa nani?"

"Ni wa hao."

Nilimnong'oneza binti ya anko kupitia ua. Yeye ni rika langu, na darasani tunafukuzwa pamoja. Akaenda kumuuliza baba yake, akarudi ameziba mdomo asicheke.

"Amesema ni wa hao."

Tulifurahia jibu hilo wiki nzima. Mwalimu akiuliza nani amevunja kioo, ni hao. Nani amekula maandazi ya prefekti? Hao. Huko shambani matunda ya mstari wa katikati yaliendelea kuwa mekundu, halafu yakaanza kuwa meusi.

Cucu hakumwambia mtu. Asubuhi moja baada ya mvua alichukua debe lake, akaingia katika mstari huo peke yake. Udongo wetu ukilowa unateleza kama sabuni. Binti ya anko ndiye aliyemkuta amelala ukingoni mwa tuta, nyonga imevunjika na debe limemwagika.

Alirudishwa kutoka hospitali na mguu usiobeba kitu. Daktari alisema atolewe nje aote jua kila siku, asije akaoza kitandani. Lakini Cucu ni mama wa kimo na mwili, na kumbeba ni kazi ya wanaume wawili. Baba huja nyumbani kwake asubuhi, anampa uji, anamwita mama yake kwa upole sana, anaondoka. Anko huja jioni na maziwa. Wote ni watoto wazuri. Kila mmoja akiwa peke yake.

Kura zilipoisha, wale viongozi wawili walionekana kwenye televisheni wakila nyama kwa sahani moja. Waliwaambia watu kwamba sasa wanaunda serikali pamoja, wasahau yaliyopita.

"Baba, si hawa ndio hao?" nikauliza. "Basi si umwite Anko?"

Nilitarajia kofi. Baba alizima tu televisheni.

"Hao walikuwa wanafanya kazi yao," akasema. "Sisi tulitukanana kweli."

Jumamosi iliyopita jua lilikuwa zuri. Mimi na binti ya anko tukamketisha Cucu kwenye kiti tumbebe nacho. Hatukufika mlangoni. Aliguna kwa maumivu, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, tukamrudisha kitandani.

"Mmejaribu," akasema. "Wako nyumbani hao vijana wangu?"

Walikuwepo. Jembe la Baba lilisikika upande huu na nyundo ya Anko upande ule.

"Waiteni. Wote wawili."

Nilimkuta Baba akipalilia mboga za sukuma. Nikamwambia.

"Na yeye ameitwa?"

"Ndiyo."

"Basi Cucu akimalizana naye nitakuja."

Nilirudi polepole. Binti ya anko alikuwa anatokea kwao, nikamwona tu usoni nikajua ameambiwa hivyo hivyo. Tukaingia pamoja. Mimi ambaye mdomo wangu haujawahi kukosa la kusema, nilimwangalia yeye aanze, naye akaniangalia mimi. Cucu alikuwa ameshajifunga kitambaa kichwani, kile cha kanisani, tayari kutoka.