Kiti cha Nyuma

Ulikuwa mwaka wa kula sombe bila ndagala. Ziwa lilikuwa limefungwa ili dagaa hao wazae, na Rumonge nzima tulitafuna majani ya muhogo matupu kama mbuzi. Ndio mwaka gari la mjukuu wangu lilipofika kutoka Japani.

Gari lenyewe fupi, limelala chini kama chura. Boneti ina tundu la pua, nyuma kuna bawa, na bomba la moshi unaingiza mkono mpaka kiwiko. Likinguruma, kuku wangu wanakimbia mayai. Nililipenda palepale.

Lilipokuwa bado melini, mjukuu aliniahidi: "Bibi, wewe ndiye wa kwanza. Nitakupeleka Kigwena kwa dada yako."

Dada yangu huyo aliniona nikirudi kutoka ukimbizini Tanzania juu ya lori, nimekalia masufuria. Mpaka leo anacheka. Nilitaka anione nikishuka kwenye gari la kwetu, bidoni ya mawese mkononi.

Basi wakalitengeneza uani kwangu, mjukuu na fundi wake. Wakabadili oili, wakabadili buji, zile plagi za injini, wakainua springi maana barabara yetu ingelikwangua tumbo. Mimi nami nikasaidia. Niliona mipira ya milango imekauka, nikaipaka mawese kama ninavyopaka miguu yangu. Asubuhi sisimizi wamejipanga mlango mzima kama watu wa misa.

"Bibi! Hii ni gari, si muhogo!"

"Mbona inang'aa?"

Halafu nikamsikia fundi: "Kiti cha nyuma tukitoe, ni uzito wa bure. Bila kiti, hii itaruka."

"Toa," akasema mjukuu.

Toa! Na mimi nikae wapi, juu ya masufuria tena? Nikavaa kitenge cha Jumapili, nikabeba bidoni yangu, nikaingia nyuma, nikafunga mlango.

"Bibi, toka tufungue boliti."

"Sitoki. Kiti hiki kikitoka, nitatoka nacho."

Fundi akacheka. "Mama mukubwa, wewe peke yako ni uzito wa viti viwili."

"Na ulimi wako je, umeupima?"

Mjukuu akajikuna kichwa, akawasha gari. Fundi akarukia kiti cha mbele na spana yake. Tukaenda, michikichi ikipita dirishani kama inafukuzwa.

Kigwena, dada yangu akatoka jikoni, mkono mdomoni. Hakucheka! Nikampitishia mawese dirishani kama malkia.

"Murakoze, asante dada. Shuka basi. Iko ndagala! Nilizikausha kabla ziwa halijafungwa, nikazificha."

Ndagala. Harufu ilikuwa imeshanifikia, tumbo likaitika. Nikaweka mkono kwenye kitasa. Kisha nikamtazama fundi: spana mapajani, anatabasamu, anangoja.

Nikaurudisha mkono.

"Sitoki. Kiti hiki kikitoka, nitatoka nacho."