Mshiriki namba 17 anataka jina lake

Saa moja kamili asubuhi, ofisi ya udahili ya chuo kimoja mjini Singida bado haina foleni. Upepo wa kutoka Ziwa Singidani unasukuma vumbi chini ya mlango. Evodia Ntandu anafungua kabati la chuma, anatoa bunda la mafaili lililofungwa kwa kamba ya katani, analikung'uta na kuliweka mezani. Juu ya bunda, mtu ameandika kwa kalamu nene: HAWAKURIPOTI.

"Hawa walichaguliwa, wakapewa nafasi, hawakutokea," anasema Evodia. "Kila mwaka tunawafunga kamba, tunawaweka kabatini, tunaendelea na waliokuja. Mimi nilishindwa kuendelea."

Kushindwa huko ndiko kumemrudisha darasani akiwa na miaka 46. Mchana ni karani mwandamizi wa udahili. Muda unaobaki ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu ya utawala wa elimu ya juu, katika chuo kikuu kimoja cha Dodoma. Swali la utafiti wake hata mtoto angeweza kuliuliza: hawa waliokosekana wako wapi, na nini kiliwazuia?

Huu ni mwaka wake wa sita. Ameshaongezewa muda mara moja, na kanuni hairuhusu mara ya pili. Asipowasilisha tasnifu kabla ya tarehe 30 ya mwezi huu, atafutwa kwenye orodha ya wanafunzi, na alizeti zote alizouza kutoka shamba lake la Mkiwa ili alipe karo zitakuwa zimelimwa bure.

Mlango unafunguliwa. Ni Gasto, mtunza kumbukumbu wa ofisi hiyo, ambaye hapitishi siku bila utani.

"Mama Peniel, ulioanza nao wameshaanza kusomesha wajukuu. Wewe bado uko na kitabu?"

"Mtu haachi kupalilia kwa sababu jirani amevuna," Evodia anamjibu bila kuinua macho, na Gasto anakwenda zake akicheka.

Utani ukishapita, uso wa mama huyu unabadilika. Udaktari huo anautamani, na wala hafichi. "Nimechapa barua za wakubwa miaka ishirini na moja," anasema. "Natamani siku moja niingie kwenye kikao chao nikiwa na la kusema, na wao wanyamaze wanisikilize. Natamani mpaka naona aibu."

Mafaili ya wasioripoti kwa miaka kumi aliyoichunguza ni 312. Aliwatafuta kwa simu zilizokwisha kufungwa, kwa watendaji wa vijiji, hata kwa kuulizia abiria stendi. Amewapata 41. Kwenye tasnifu kila mmoja amepewa namba badala ya jina, kama maadili ya utafiti yanavyotaka, na wengi walishukuru. Mmoja alimwomba hata mumewe asijue kama aliwahi kuchaguliwa chuo.

Mshiriki namba 17 hakushukuru.

Huyo ni Raheli Zefania, mwenye miaka 34, mfugaji wa nyuki katika kijiji cha Rungwa, jirani na pori la akiba. Evodia alimfikia Julai mwaka jana kwa basi linalopitia Itigi, akashuka mwekundu kwa vumbi kuanzia kilemba hadi viatu. Raheli alimpa shikamoo, akamwekea kigoda na asali kwenye bakuli. Baada ya maongezi akaingia ndani, akatoka na mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nne.

Ndani mlikuwa na barua mbili. Ya kwanza, ya mwaka 2012, ilimtaarifu kwamba amepata nafasi ya kusomea ualimu. Ilipitia sanduku la posta la shule aliyosoma, ikamfikia wiki tatu baada ya usajili kufungwa. Raheli akaandika kuomba asaidiwe. Barua ya pili ndiyo iliyokuwa jibu: nafasi yako imefutwa kwa kutoripoti kwa wakati.

"Niliisoma mpaka nukta," Raheli anasimulia kwa simu, akiwa amepanda kichuguu ambako mtandao unashika. "Kila mwaka naitoa, naisoma. Nikawa najiuliza, hizi herufi mbili za chini ni za nani?"

Evodia alizijua mara alipoziona. Kwa desturi ya ofisi, anayechapa barua huacha herufi za jina lake chini kabisa, upande wa kushoto, ndogo ndogo. Zilikuwa en.

"Ni mimi niliyeichapa," anasema. "Mwaka ule nilichapa barua za namna ile themanini na kitu kwa wiki moja. Niliambiwa chapa, nikachapa. Na fomu ya kuomba kuahirisha masomo ilikuwepo, kwenye kabati hili hili, rafu ya chini. Alikuwa anapewa anayeiomba. Sasa mtu wa Rungwa angeombaje kitu asichokijua?"

Kati ya wale 41, watu 26 walimwambia hawakuwahi kusikia kwamba nafasi ya chuo inaweza kusubiri mwaka mmoja. Hicho ndicho kiini cha tasnifu yake. Lakini siku ile Rungwa hakuwa na kiini wala sura ya nne. Alikuwa na barua mkononi na mwenye barua mbele yake.

Angeweza kunyamaza. Nani angejua? Evodia anasema alilifikiria hilo kwa muda wa kumeza mate, kisha akasema: "Mdogo wangu, herufi hizi ni zangu mimi."

Raheli aliinuka, akaenda hadi ilipo mizinga yake, akakaa huko kitambo. Aliporudi alimkuta mgeni analia.

"Nikamwambia, dada, hukunikosea kusudi," Raheli anakumbuka. "Ila umekuja na karatasi nisaini kwamba jina langu litafichwa. Mimi nimefichika miaka kumi na mitatu. Herufi zako ziko kwenye barua yangu, basi na jina langu liwe kwenye kitabu chako. Lifike chuo lenyewe, maana mimi nilishindwa kufika."

Evodia akamwahidi. Ahadi ni deni, na hili limemkaba shingoni. Kamati ya maadili ya utafiti inaweza kuruhusu jina la mshiriki litajwe, lakini kwa maombi maalumu, na kikao chake kinachofuata ni tarehe 28, siku mbili tu kabla ya mlango kufungwa. Kamati ikitaka marekebisho, muda utakuwa umemwishia.

Msimamizi wa utafiti wake, Profesa Elisha, alimshauri kama mzazi. "Mwache abaki namba kumi na saba, umalize," alimwambia. "Ukishavaa joho utaandika makala nzima juu yake, kwa jina lake lote."

"Ni ushauri wa mtu anayenitakia mema," anasema Evodia. "Ndiyo maana ulinisumbua."

Wiki iliyopita aliuchapa ukurasa wa 112 mara mbili, mmoja ukiwa na namba na mwingine ukiwa na jina. Alizilaza kurasa hizo mezani kwake nyumbani siku mbili, akipika huku akizitazama, akila huku akizitazama. Siku ya tatu akauchana ule wa namba, akapeleka maombi kwenye kamati.

"Naogopa," anasema waziwazi. "Nikikosa shahada kwa ajili ya jina la mtu mmoja, watasema mama huyu hana akili. Lakini mara ya kwanza nilichapa nilichoambiwa, na umeona kilichotokea."

Fomu za kuahirisha masomo siku hizi ziko juu ya kaunta, palipo wazi kwa kila anayeingia. Hakuna aliyemwagiza. Alizihamisha mwenyewe asubuhi aliyorudi kutoka Rungwa, na mpaka leo hakuna aliyezirudisha kabatini.

Juzi Raheli alipanda tena kichuguu chake na kupiga simu. Alikuwa amesikia kwamba mtu anapotetea tasnifu, milango huwa wazi na watu wanaruhusiwa kukaa wasikilize.

"Akaniuliza, dada, naweza kuja nikakaa nyuma? Sitasema kitu. Nataka tu nione ndani pakoje." Evodia anavua miwani, anaifuta kwa pindo la kitenge, na inamchukua muda kuivaa tena.

Saa moja na nusu inakaribia, na nje sauti za wanafunzi zimeanza kusikika. Evodia anawasha kompyuta. Kuna barua moja anataka kuimaliza kabla ya kufungua dirisha. Haitakwenda kwa posta. Ataikabidhi kwa mkono wake pale njia panda ya Mkiwa, kwa kondakta wa basi la Rungwa anayemfahamu, na atampigia simu mwenye barua aende kuipokea.

Anachapa polepole: Ndugu Raheli Zefania, unaalikwa kufika chuo kikuu kusikiliza utetezi wa tasnifu. Penye tarehe anaacha wazi, kwa kuwa tarehe hiyo bado inategemea uamuzi wa kamati; ataijaza kabla ya kuituma. Anaisoma barua mara mbili mpaka nukta.

Kisha anashuka chini kabisa ya ukurasa, upande wa kushoto, na kuchapa herufi mbili ndogo: en.