Akaunti ya Ilpo Ilipoanza Kuongea

Mdogo wangu Ilpo anasukuma theluji barabarani kwa trekta, hapa kwetu Kuhmo, Finland, na kazi hiyo inamfaa kwa sababu theluji haiulizi maswali. Maneno ya ukoo wetu nilipewa mimi yote. Yeye akikwambia "haya", ujue amehutubia.

Tangu mama yetu afariki anaishi peke yake kwenye nyumba ya wazazi. Kila Jumamosi akitoka sauna, bafu letu la mvuke, anaketi kwenye kompyuta, anavaa hedifoni na kuingia kwenye mchezo wa kuwinda madubwana, yeye na wenzake wanne waliotawanyika nchi nzima. Humo yeye ni mganga: anasimama nyuma, na mwenzake akijeruhiwa anamponya. Sura zao hazijui, namba zao za simu hana. Nilikuwa nikimcheka sana, mtu mzima mwenye mvi anacheza na watu wa hewani.

Jumapili moja nikampelekea maandazi ya iliki, nikamkuta ameukodolea macho ukuta.

"Kulikoni?"

"Nimeibiwa."

"Trekta?"

"Akaunti."

Ilinibidi nimvute ulimi. Kumbe alikuwa ameletewa barua pepe yenye nembo ya kampuni ya mchezo, ikimtaka athibitishe neno lake la siri, naye akalithibitisha. Watu wa huku ndivyo tulivyo, barua yenye nembo ikituambia tujaze, tunajaza. Kesho yake mlango ulikuwa umefungwa, na mtu mwingine yuko ndani amevaa joho lake la uganga.

"Si ufungue nyingine?" nikamwambia.

"Nitawapataje? Sina wengine, dada." Kisha akasema kilichokuwa kinamla: "Sijawahi kuwaambia kitu. Hata hawatajua kama nimeondoka."

Nilijisikia vibaya kwa kicheko changu chote. Nikavuta kiti.

Huduma kwa wateja ilikuwa ni kidirisha cha kuandikiana, na aliyetupokea alikuwa mashine yenye adabu kupita kiasi. Ikamuuliza Ilpo tatizo lake ni nini. Ilpo akaanza kufikiri. Sisi mtu akiuliza swali la maana hatumrukii na jibu, tunalipima kwanza. Alipokuwa bado anapima, kidirisha kikaandika: "Inaonekana umeondoka. Mazungumzo yamefungwa. Tafadhali tupe nyota!"

"Nyota nitakupa za usoni!" nikakifokea.

Tukaanza upya, kikamfungia tena akiwa amefika katikati ya sentensi. Nikamsukuma pembeni, nikaichukua kibodi mwenyewe. Nikaandika kwa jina lake, nikamwaga yote, nembo na joho na marehemu mama, hadi mashine ikasalimu amri na kutuletea binadamu aitwaye Eerik.

Eerik akasoma, kisha akauliza: "Samahani, ninaongea na mwenye akaunti kweli?"

Nilijiona kama niliyefumaniwa amebeba kuku wa jirani. Nimemharibia, nikajua. Ilpo akanyoosha mkono akaichukua kibodi, akaandika kwa kidole kimoja: "Yule dada. Sasa mimi."

Eerik akamuuliza anwani aliyojisajili nayo na mashine aliyochezea mwanzoni. Ilpo akafikiri, akajibu. Akaulizwa tena, akafikiri tena. Eerik alikuwa mtu wa kwetu huyo, alisubiri.

"Sawa, ni wewe," akaandika mwishowe. "Na usihofu, mwizi hajauza chochote. Wenzako wanne walituandikia siku ileile, nikawapokea mimi, tukaifungia akaunti. Walisema imeanza kuongea."

"Kuongea?"

"Iliwaandikia: 'Hamjambo wapendwa wangu, nimewaletea zawadi, bonyezeni hapa.' Mmoja wao, Vuokko, akatuambia: 'Mganga wetu hajawahi kutuita wapendwa. Hajawahi kutuita chochote. Huyu si yeye, mtafuteni wetu.'"

Ilpo akausoma ujumbe huo, akaurudia. Akavua miwani, akaifuta kwa shati kwa muda mrefu kuliko miwani yoyote inavyohitaji.

"Walijua," akasema.

"Walijua, mdogo wangu."

Jumamosi iliyofuata nilikuwepo, na sikuja na maandazi tu, nilikuja na umbea wangu. Akaunti ilikuwa imerudi na neno jipya la siri, ambalo amekataa kuniambia hadi leo, na ana haki. Badala ya kuvaa hedifoni, aliichomoa kabisa ili na mimi nisikie. Sauti zikajaa chumba cha mama.

"Mganga! Umerudi?"

"Karibu, mzee! Tumekufa kama kuku bila wewe!"

Ilpo akainamia maikrofoni ya kompyuta. Wakanyamaza, na mimi nikanyamaza, jambo ambalo si dogo.

"Niliwakumbuka," akasema. "Wote. Sana."

Nikadhani mtandao umekatika. Halafu sauti ya mwanamke, Vuokko mwenyewe, ikatoka polepole:

"Jamani, mwandikieni Eerik. Ameibiwa tena."

Wakaangua kicheko, na mdogo wangu, ambaye sijamsikia akicheka tangu mazishi, akacheka hadi akashika meza.

"Haya," akasema alipopata pumzi.

"Ndiye!" Vuokko akapiga kelele. "Ndiye huyo! Twendeni."