Gauni Lililonipwaya

Gauni la sendofu yangu lilishonwa Kiwira. Fundi, mama wa makamo aliyekwisha kuwashonea binamu zangu, alinipima katikati ya masika, siku ambayo ukungu ulishuka mpaka mlangoni kwake. Mwezi mmoja baadaye nilirudi na mama kulijaribu. Nilivua sweta, nikaingia kwenye gauni, fundi akapandisha zipu. Halikunishika popote.

"Bibi harusi," fundi akacheka, "bwana hata hajakuoa, ameshakumaliza hivi?"

Mama hakucheka. Alinyanyuka kwenye benchi, akapitisha vidole viwili kati ya gauni na mgongo wangu, kisha kiganja kizima. Nilijua anawaza nini. Dada yangu alianza hivyohivyo. Sketi zilimlegea, sisi tukamtania kwamba anajinyima kula ili apendeze, na mama akawa anampima kwa vidole viwili kila Jumapili kabla ya kanisa. Tulipompeleka hospitali, tulikuwa tumechelewa.

"Unakula?" mama akaniuliza.

"Nakula, mama."

"Usiku unatoka jasho?"

Nilisema sitoki, huku likinitoka palepale nilipokuwa nimesimama.

"Kesho tunakwenda hospitali Makandana. Gauni lisubiri."

Fundi aliacha utani. Alinisaidia kulivua, na kwa jinsi nilivyokuwa nikitetemeka, mama akanivisha sweta. Fundi alinizungushia futi kiunoni ajue apunguze kiasi gani. Akaisoma, akainama, akaisoma tena.

"Mbona ni kilekile cha siku ile?"

Halafu akalishika sweta langu kwa vidole, zito, la sufu, na mkono wake wa pili ukaenda mdomoni. "Jamani! Siku ile ya baridi nilikupima nalo!"

Nilikaa chini sakafuni. Mama alisema nivue sweta nipimwe upya, na kesho yake tulikwenda Makandana vilevile. Hawakuona tatizo. Mama aliwashukuru, lakini njia nzima alikuwa akinitazama kiunoni.

Siku ya sendofu, kabla sijaingia ukumbini, alikuja nyuma yangu akidai zipu imeshuka. Zipu haikuwa imeshuka. Nilihisi vidole viwili vikitafuta njia kiunoni, vikasukuma, vikakwama. Ndipo nilipomsikia akishusha pumzi.

"Haya," akasema, "nenda."