Uji ya Samaki kwa Mutoto ya Tembo

Bwana yangu njo alimukuta porini, kule anachomea miti kuwa makala, mbali na kambi yetu ya bakimbizi. Mama yake alikuwa amelala chini, uso umekatwakatwa kwa ajili ya pembe, na yeye amesimama pale pale anatafuta kunyonya. Bwana yangu hawezi kuacha kitu kinacholia. Alimwita vile mutu anaita mbuzi, na ile mutoto ya tembo akamufuata mpaka kwetu.

Tulipiga simu kwa balinzi ya wanyama. Balisema kamyo, gari yao kubwa, itakuja na dokta, lakini njia ni mbaya, tungoje siku tatu. Mpaka pale, maji tu. Musimupe chakula, ata kidogo! Bwana yangu alirudilia ile maneno mara mbili ili niisikie vizuri, maana ananijua.

Eh, maji tu, siku tatu! Nilikasirika kabisa. Nilisema mutu aliyetoa ile amri hajabeba mutoto mwenye njaa mugongoni. Ya kwake ni kukaa kwenye kiti na kushika telefone.

Na ile mutoto alinichagua mimi, sijui sababu. Alikuwa anaingiza mukonga chini ya kwapa yangu na kuuacha pale, anapumua moto. Alinyonya kiwiko changu, alinyonya kitenge changu mpaka ikalowa. Nikienda kuchota maji, ananifuata analia. Bamama ya jirani balicheka: "Mama, umezaa tena, na hukutuambia!" Nilicheka pamoja nao, lakini moyo ulikuwa unaniuma. Mbavu zake zilikuwa zinaonekana.

Sisi batu ya kando ya ziwa tuna dawa moja ya mutoto aliyekonda. Ni chisense, zile samaki ndogo ndogo banaanika kwenye mchanga kule Kashikishi. Unazikaanga bila mafuta, unazitwanga mpaka zinakuwa unga, unachanganya na uji ya mihogo. Tulipofika kambi hii ya Kenani kutoka ng'ambo ya ziwa, mutoto yangu wa mwisho alikuwa mifupa mitupu, ata shingo hakuiweza. Ile uji njo ilimurudisha. Leo anakula bukari, ugali yetu, kuliko baba yake. Bon, na mimi nisiiamini?

Siku ya pili asubuhi, bwana yangu alipotoka, nilipika sufuria nzima. Mutoto ya tembo alikataa kwanza. Nikaingiza mukono wangu ndani ya beseni, nikamupa vidole, akanyonya vidole na uji ikapita humo humo. Alimaliza beseni mbili. Bamama balipiga vigelegele. Nisidanganye, nilijisikia mukubwa ile asubuhi, kuliko dokta yote na makamyo yao.

Saa ya jua kali akaanza kuharisha.

Sikuogopa. Batoto pia banaharisha, tumbo inazoea chakula, ni kawaida. Nikamuwekea chumvi na sukari kwenye maji, nikamupa tena uji. Ndiyo, nilimupa tena. Bwana yangu aliporudi aliona beseni, akaniangalia. Ile mutoto alikuwa ameacha kunifuata. Alisimama tu, masikio chini, na mukonga ukatafuta kwapa yangu polepole sana.

Kamyo ilikuja siku ya tatu, vile balisema. Kabla ifike nilikuwa nimefagia kila kitu, nimefunika uchafu wake na majivu, nimeosha miguu yake ya nyuma. Ni hapo njo ninajua kwamba nilikuwa nimekwisha kuelewa. Mutu haoshi kitu kama hajui.

Dokta alikuwa kijana wa huku, anasema Kibemba, mupole. Alipiga magoti kwenye udongo bila kuangalia suruali yake. Aliniita mama kwa luga yake, akaniuliza: "Bamayo, amekula nini?" Nyuma yake kulikuwa mulinzi na bunduki na karatasi ya kuandika. Tembo ni mali ya serikali. Mimi ni mukimbizi, makaratasi yangu inasema nimekaribishwa tu, na balikuwa bamekataza. Nikasema: "Maji."

Akamupima, akamutomasa tumbo, akatikisa kichwa. Alizania amekula majani yenye sumu porini. Akamupiga sindano ya kuondoa sumu. Akaleta chupa ya maziwa yao, mutoto hakufungua kinywa. Nusu saa ikapita, dokta akarudi kwangu. Sauti yake ilikuwa ya mutu anayeomba.

"Bamayo, tumbo imejaa kitu. Kama unajua ni nini, niambie tu, hakuna mutu atakukasirikia. Dawa ni tofauti."

Ile njo nafasi Mungu alinipa. Bwana yangu alikuwa pembeni, anaangalia ardhi. Kinywa changu kilikuwa wazi kabisa, neno liko pale kwenye ulimi. Nikaangalia ile karatasi ya mulinzi.

"Maji tu," nilisema.

Mutoto alikufa kabla ya saa sita, kichwa juu ya miguu yangu. Uzito wake ulinifinya kwenye udongo na sikutaka mutu aninyanyue. Nilimuua. Nilimuua mara mbili, mara ya kwanza na mapendo, mara ya pili na woga, na hii ya pili njo inanikosesha pumzi nikiwa shambani, nikiwa kanisani, popote.

Dokta alinawa mikono, akamuambia mulinzi aandike ni majani ya sumu. Halafu akakuja mbele yangu, mbele ya bamama yote, akainama, akapiga makofi polepole vile Babemba banaheshimu mutu mukubwa. "Natotela, bamayo," alisema. Aksanti. Alisema kila mahali anafika, anakuta batu bamewapa batoto ya tembo chakula cha nyumbani, na banakufa. "Weye peke yako ulisikia. Kama bote bangekuwa sawa na weye!"

Bamama ya vigelegele baliinamisha vichwa. Na mimi, vile mwanamuke anafanya akishukuriwa, nilipiga magoti, nikapiga makofi, nikaitika.