Kichuguu cha Mama Chilufya

Huku mtaani Ruashi kichuguu kikubwa ni tofali zinazosubiri mwenyewe akubali kivunjwe. Jirani yangu Mama Chilufya hakukubali. Chake kilipita paa la jiko, na mama yake alimwachia kwa sharti moja: kisivunjwe maadamu kinatoa inswa, wale kumbikumbi wa mvua ya kwanza.

Jioni ya inswa aliweka beseni la maji na taa ndogo juu yake. Inswa hufuata mwangaza, huanguka majini. Beseni likijaa alizima taa, hata watoto wakilia wanataka zaidi, ili waliobaki waende kuanzisha vichuguu vingine. Bakuli la kwanza, lililokaangwa kwa chumvi, lilikuja kwangu. Mimi ni mlafi, sikatai.

Miaka miwili iliyopita bohari ya malori, nyuma ya ukuta wetu, ilisimamisha mlingoti wa taa kubwa zinazowaka mpaka asubuhi. Nilipiga makofi, mjinga mimi, maana wezi walikuwa wametuchosha. Mwaka ule beseni lilipata inswa wachache. Uliofuata, wawili watatu. Mwaka huu, hakuna. Mama Chilufya alikaa na taa yake mpaka mafuta yakaisha, kisha akaniambia kichuguu kimezeeka, kimekufa. Nilimwamini. Watoto wake walitaka tofali za kujengea, naye hakuwa tena na sababu ya kuwakatalia.

Kalenga, mfyatua tofali, alikuja Jumatatu. Pigo la tano la jembe lilipasua udongo, na ndani kulikuwa kunachemka: mchwa maelfu, mayai, na malkia wao mnene kama kidole gumba, jembe limemkata. Kalenga akaweka jembe chini.

Guelord, mlinzi wa bohari, alikuwa amekuja kutazama. Alisema tu, bila ubaya:

"Mama, inswa ya hapa iko mingi. Kila mvua ya kwanza tunafagiaka chini ya taa, tunajaza na kusukuma brouette mbili, tatu. Tunatupa."

Mama Chilufya akamuuliza taa zile huzimwa saa ngapi. Akajibiwa hazizimwi.

Kweli tulikuwa tukiona wadudu wakizizunguka. Hatukuuliza wametoka kwa nani.

"Ndio kusema kichuguu ilikuwa nzima," alisema Mama Chilufya. "Ni miye nimeiua."

Nilitaka kumwambia si yeye, ni taa nilizozipigia makofi. Nikaona aibu. Kuku wake walikuwa wameshaingia shimoni, wanadonoa, naye hakuwafukuza.