Simu Arobaini na Tatu za Bwana Futi

Mtaani walimwita Bwana Futi, na hata mkewe alipomtaja mbele za watu alimwita hivyo hivyo. Jina alilipata karakanani enzi za ujana, kwa sababu hakuonekana bila futi ya kupimia mfukoni, na kwa sababu maneno nayo aliyapima. Ukimuuliza habari za asubuhi anajibu "nzuri". Ukikutana naye tena mchana ukamuuliza, anakutazama kama anayesema, si nimeshakujibu?

Alikuwa seremala kwa miaka thelathini na mmoja. Mgongo ulipomgomea hakukubali kukaa bure. Alijifunza kuchora kwa kompyuta, kidole kimoja kimoja, mpaka mafundi wenzake wakaanza kumletea kazi: huyu anataka mchoro wa ngazi, yule wa kabati la ukutani, naye anawachorea kila kiungo kwa vipimo visivyokosea hata unene wa kucha. Kompyuta ilikaa sebuleni, juu ya meza aliyoitengeneza mwenyewe. Upande wa pili, karibu na dirisha, kulikuwa na cherehani ya mkewe, fundi wa nguo anayejulikana kwa mishono isiyofumuka na ulimi usiochoka. Kutwa nzima yeye alishona na kuongea, mumewe alichora na kuitikia "mm", na wote wawili waliridhika na mpango huo.

Visa vilianza Jumatatu. Kompyuta ikawa nzito, ukibonyeza kitu unaweza kwenda kunawa mikono ukarudi hakijafunguka. Kisha yakaanza kuchomoza matangazo yasiyoitwa. La kwanza lilikuwa la dawa ya kuotesha nywele.

"Wamejuaje?" aliuliza Bwana Futi, akijishika kipara.

Mkewe alicheka mpaka sindano ikakatika.

Bwana Futi hakucheka. "Ni yale magauni yako," alisema. Jioni jioni mkewe alikuwa na kawaida ya kukaa kwenye kompyuta kutazama mitindo.

"Magauni yangu yamekukosea nini?"

"Yameleta virusi."

Maneno mawili tu, lakini yalimchoma. Siku nzima ya Jumanne sebule ile ilikuwa na cherehani isiyo na maongezi, na Bwana Futi akagundua kwamba kimya cha mwenzio si sawa na kimya chako mwenyewe.

Jumatano asubuhi, akiwa katikati ya mchoro wa mlango, skrini iligeuka nyekundu yote. King'ora kikalia ndani ya spika. Maandishi makubwa yakasema kompyuta yake imevamiwa, asiizime, asimwambie mtu, apige namba ile pale chini mara moja. Bwana Futi, mtu aliyeiogopa simu kuliko msumeno wa umeme, alijikuta ameshaishika na ameshabonyeza tarakimu tatu.

Mkewe aliinuka, akamshika mkono. "Ngoja kwanza. Tangu lini mwenye nia njema akakuambia usimwambie mtu?"

Akaichukua simu yeye na kumpigia mdogo wake, mkutubi wa maktaba ya mjini, ambaye kazi yake ilikuwa pamoja na kuzitunza kompyuta za wasomaji. Jibu lilisikika chumba kizima: "Chomoeni waya wa intaneti! Izimeni kabisa! Na hiyo namba msiipige, hao ndio wezi wenyewe. Kesho niko mapumziko, nakuja."

Saa nne ya asubuhi iliyofuata mkutubi alifika na flashi moja na miwani miwili. Bwana Futi akamsogezea kiti kilicho mbele ya kompyuta.

"La, shemeji. Hapo unakaa wewe," alisema mkutubi. "Mimi nitasema, wewe utabonyeza. Nikikufanyia mimi, mwezi ujao utaniita tena."

Waliiwasha kwa njia ya usalama, ile inayoamsha vitu vya lazima tu na kuviacha vingine vimelala. Kisha wakafungua orodha ya programu zote zilizomo, wakaipanga kwa tarehe.

"Hii unaijua?"

"Ya kuchorea."

"Hii?"

"Ya printa."

"Na hii ya juu kabisa? Ya kukokotoa vipande vya mbao. Imeingia Jumapili saa kumi alasiri."

Bwana Futi alisogea karibu na skrini, kisha akarudi nyuma. Jumapili saa kumi mkewe alikuwa kwa mteja akipima nguo za maharusi. Nyumbani alikuwapo mtu mmoja tu.

"Ni mimi," alisema. "Ilikuwa ya bure."

"Cha bure ghali, shemeji."

Bwana Futi akageuza kiti chake kuelekea dirishani. "Mama, magauni yako hayana kosa. Nisamehe."

Mkewe hakuondoa mguu kwenye cherehani. "Sikusikia vizuri, mashine inapiga kelele."

"Nimesema nisamehe!"

"Haya, sasa nimesikia." Na hapo hapo akaanza kumsimulia mdogo wake habari za maharusi, habari alizokuwa amezifungia tangu Jumatatu.

Programu ile ikaondolewa, na pamoja nayo vikorokoro viwili vilivyojibandika kwenye brauza bila kuombwa. Kisha mkutubi akachomeka flashi iliyokuwa na antivairasi mpya, wakaiacha ipekue kila faili. Ilichukua zaidi ya saa mbili. Ilikamata virusi saba. Wakavifuta, wakaipekua tena, ikakamata kimoja. Mara ya tatu ikasema hakuna.

"Ukipiga randa mara moja ukaona pametosha, mkono unakudanganya," alisema Bwana Futi, akionekana kuanza kuifurahia kazi.

"Sasa barua pepe. Lakini tutumie simu yangu, ambayo ni safi."

Walipofungua sanduku la barua zilizotumwa, uso wa Bwana Futi ulibadilika. Usiku wa Jumanne, yeye akiwa amelala fofofo, barua ilikuwa imetoka kwa jina lake kwenda kwa kila mteja aliyewahi kumwandikia: *Habari, tazama mchoro huu mpya.* Na chini yake faili lenye sumu. Watu arobaini na watatu.

Mkutubi alimbadilishia nywila papo hapo, akaweka na kinga ya pili: mtu akitaka kuingia, lazima kwanza namba ya siri ije kwenye simu ya mwenyewe.

"Nitawaandikia," alisema Bwana Futi kwa sauti ndogo. "Nitawaeleza."

"Barua kutoka kwako ndiyo wasiyotakiwa kuiamini, shemeji. Lazima wasikie sauti yako."

Ijumaa asubuhi alinyoa ndevu kana kwamba watamwona. Aliandika majina yote kwa penseli, na juu ya karatasi akaandika maneno ya kusema: barua ile si yangu, usifungue kilichoambatishwa, kama umeshakifungua chomoa intaneti. Akapiga ya kwanza. Alikuwa mwalimu mkuu mmoja.

"Bwana Futi? Kumbe una sauti!"

Wa pili alimshukuru. Wa tatu alimfokea, mtu mzima hovyo, na yeye akajibu, "Una haki," akalikata jina lake na kuendelea. Wa saba, muuguzi wa zahanati, alisikiliza maelezo, akasema hajaifungua, kisha akaongeza, "Lile kabati la dawa, droo zake bado zinateleza kama siku ya kwanza. Kila mgeni anauliza aliyelitengeneza."

Wa kumi na mbili, fundi wa milango, alikuwa ameshaifungua. Bwana Futi akavuta kiti. Alimwongoza hatua kwa hatua, chomoa hiki, futa kile, subiri, usiwe na haraka, upekue tena, kwa dakika arobaini na tano. Mkewe alisimamisha cherehani ili asikie vizuri.

"Miaka ishirini na saba ya ndoa," alisema simu ilipokatwa, "na maneno yote umemwekea fundi milango."

Alasiri orodha ilimfikisha kwa mwanamke mmoja ambaye miaka mingi nyuma aliagiza kiti cha mama yake mgonjwa. Alimpa onyo lake, akataka kuaga.

"Subiri," mwanamke alisema. "Mama alikikalia kile kiti mpaka wiki yake ya mwisho. Alisema ndicho pekee kisichomuumiza. Sikuwahi kukwambia."

Bwana Futi aliweka penseli chini.

"Alikuwa mdogo wa umbo," alisema. "Miguu ya kiti niliipunguza vidole viwili, ili nyayo zake zifike chini."

Aliposhusha simu hakupiga nyingine kwa muda. Mkewe alimletea maji.

Arobaini na tatu zilikwisha Jumamosi mchana. Watatu tu walikuwa wamefungua faili, na wote wakasafisha. Mkutubi akaja kumalizia. Aliiweka kompyuta ijisasishe yenyewe, akamfundisha shemeji yake kunakili michoro kwenye diski ya pembeni na kuichomoa kila anapomaliza, kwa maana diski iliyoachwa imechomekwa huugua pamoja na mwenzake. Mwisho akafungua akaunti mbili, kama milango miwili ya kuingilia: mmoja wa kazi za kila siku, mwingine wa kuweka programu mpya.

"Nywila ya huu wa pili akae nayo nani?"

"Akae nayo dada yako," alisema Bwana Futi.

Tangu hapo, akitaka programu, lazima aombe, na mkewe humhoji kama afisa wa mpakani: ni ya nini, imetoka wapi, nani mwingine anaitumia? Mara nyingi, kabla swali la tatu halijafika, Bwana Futi huona kwamba haihitaji.

Mwezi uliofuata zahanati iliagiza mchoro wa kabati la pili. Muuguzi alipiga simu mwenyewe, na waliongea hadi chai ikapoa. Bwana Futi aliuchora kwa siku nne, akaunakili kwenye diski, akaufungua tena kuhakikisha umehifadhika, akaichomoa diski na kumpa mkewe. Mkewe aliipokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umeshika kitambaa, akaitia kwenye droo ya nyuzi, na kuendelea kupindia mkono wa shati ambalo mteja alikuwa anakuja kulichukua saa nane.